Baba, Zizi Nimelifunga Nikiwa Tunduru

Baba,

Mwangaluka. Huko uliko sijui kama kuna asubuhi, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu anayeanza maneno kabla ya salamu amekuja kuomba au amekuja kuiba. Mimi sijaja kuomba. Nimekuja kukupa habari, tena nzuri, kwa hiyo kaa vizuri.

Niko Tunduru, pembeni ya barabara, nimekaa juu ya bomba la plastiki lililoviringishwa kama chatu. Kazi ni ileile ya kuchimba mitaro ya nyaya za intaneti. Tunachimba, wanalaza bomba, tunafukia, tunasogea mbele. Udongo wa huku ni mwekundu na una mawe. Mgongo unauma mpaka nikilala nauhisi kama unaendelea kuchimba peke yake. Usishangae mwandiko. Shule niliiacha darasa la sita, na vidole vimezoea mpini. Kalamu naiona nyembamba kama njiti ya kiberiti.

Habari yenyewe ni hii: mji wako haujafa. Mama bado yuko Dutwa, kwenye nyumba yake. Ng'ombe wako zizini. Moshi unatoka. Baba Mdogo Maduhu alitaka kuufunga, ameshindwa, na ameshindwa huku akicheka. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mengi yametokea ukiwa umelala.

Siku ile nilipofika nyumbani, ulikuwa umeshazikwa. Basi letu liliharibika njiani. Nilikuta udongo umesawazishwa na watu wananawa mikono. Baba, mimi ni mchimbaji. Nimewachimbia watu nisiowajua mitaro ya kuzunguka wilaya nzima, na shimo moja nililopaswa kulichimba mimi, wamelichimba wengine. Hilo... hilo naliacha hapo hapo. Nikiendelea nalo sitamaliza barua.

Baada ya matanga ndugu wakakaa kikao. Baba Mdogo alikuwa bado ana macho mekundu, sitasema hakukulilia. Lakini alisema mbele ya wote, "Shija yuko kusini anachimbia watu mitaro. Mji huu unalindwa na nani? Shemeji aende Bariadi mjini kwa binti yake. Ng'ombe nitawachukua mimi, nikawachunge Bukundi." Watu wakaitikia kwa vichwa, maana alisema jambo la maana. Hata mimi niliona ni la maana. Shamba peke yake halitulishi, kuacha kazi siwezi, na wezi wa mifugo wapo.

Mama akasema, "Bariadi nitakaa kwenye chumba nimtazame nani? Ukuta?" Kisha akaniangalia mimi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema tukipita kwenye miji iliyohamwa: "Kaya isiyo na moshi ni kichaka chenye paa."

Nikasema, "Nitaulinda mimi."

"Ukiwa wapi?"

"Huko huko kazini."

Baba, walicheka. Mtu mmoja akauliza kama nitakuwa napuliza filimbi kutoka Tunduru. Baba Mdogo hakucheka. Alisema, "Nakupa mpaka pamba iishe kuuzwa. Ukishindwa, ng'ombe naondoka nao, na shemeji anafunga mlango."

Basi nikajifanya mjanja. Nikanunua sola na betri, ruta inayotumia laini ya simu, na kamera mbili zenye vispika vidogo. Moja niliifunga juu ya nguzo inayotazama mlango wa zizi, nyingine inatazama uwanja wa mbele. Fundi aliyeniuzia akanionyesha jinsi ya kuzifungua kwenye simu yangu: unaweka namba ya simu, unaweka neno la siri, unaona nyumbani. Namba nikaweka ya Mama. Neno la siri nikatafuta jina ambalo siwezi kulisahau hata nikiwa nimechoka namna gani.

Nikaweka Bwana Shamba.

Cheka tu. Najua unacheka. Dutwa nzima ni nani asiyemjua maksai wako Bwana Shamba? Kila msimu wa kulima ulimpigia kelele tangu jua linachomoza. "Bwana Shamba, kaza! Bwana Shamba, geuka! Bwana Shamba, hiyo ni pamba ya mwenyewe, toka!" Watoto walikwenda shule wakiigiza. Na mimi nikachukua jina lililotangazwa mashambani kwa miaka yote hiyo, nikaliita siri.

Nilirudi Tunduru kifua mbele. Asubuhi kabla ya kazi nafungua simu, namwona Mama anakamua. Nikawaonyesha wenzangu kambini. Nilijiona mkubwa.

Siku moja Mama amekwenda kusaga, na mwanamke asiyemfahamu vizuri akamwambia pale mashineni, "Leo umechelewa kukamua, mama. Mgongo unauma?" Mama akamuuliza amejuaje. Akajibiwa, "Si tumekuona kwa kinyozi."

Baba, kinyozi wa pale stendi alikuwa anatuonyesha kwenye runinga yake! Mama alikuwa akimpelekea simu amwekee vocha, kwa hiyo namba yake anayo. Amesikia nina kamera, akajaribu jina la Bwana Shamba, kukafunguka. Hakuiba kitu. Mama alipomuuliza, alijibu bila aibu, "Mayu, ng'ombe wenu wanapendeza. Wateja wanatulia wakiwaangalia, hata kichwa hawatikisi." Watu walikuwa wananyolewa huku wanamtazama mama yangu anapita uwanjani na khanga ya kuogea.

Mama alichukua vibuyu viwili akazifunika kamera zote. Baba Mdogo akanipigia simu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, "Umeuvua nguo mji wa kaka yangu. Mwizi sasa hahitaji hata kuja kuchungulia. Jiandae." Pamba wakati huo ilikuwa imeanza kupasuka shambani.

Nilikwenda kwa Zuhura. Huyu humjui. Ni fundi wetu, mwenyeji wa Tanga, ndiye anayeunganisha nyaya baada ya sisi kufukia. Mdogo kwangu kwa umri, lakini akisema simama, gari linasimama. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. "Msukuma wewe! Hujafunga mlango, umeandika jina la kufuli ukutani. Nyie ng'ombe mnawapenda hadi mnawapa funguo za nyumba!" Alipomaliza kucheka akaona uso wangu. Akasema, "Jumapili uje na simu yako na ruta nyingine. Na uje umelala, maana nitakufundisha, sitakufanyia."

Alinifundisha kweli. Nikueleze nilivyoelewa, maana najua utauliza.

Njia ya kwanza ilikuwa kama njia kuu. Picha ya zizi letu ilikuwa inapita kwa watengenezaji wa kamera, na mtu yeyote mwenye namba na jina anasimama pale pale na mimi, anaona ninachoona. Zuhura akasema hiyo tunaifunga kabisa. Tunachimba njia yetu ya chini, ya peke yetu. Wenyewe wanaiita VPN. Nikamwambia, "Kuchimba ndiyo kazi yangu." Akasema, "Basi hii chimba kwa akili, jembe liache kambini."

Tatizo likawa kwamba laini ile ya simu haipokei mgeni anayetoka nje. Mimi nikibisha hodi Dutwa kutoka Tunduru, sifiki. Lakini ruta yenyewe inaweza kutoka. Basi tukakodi kakompyuta kadogo mahali pa katikati. Ruta ya nyumbani inatoka inakwenda pale, simu yangu inatoka inakwenda pale, tunakutana. Kama wewe na mjomba wa Maswa mlivyokuwa mkikutana mnadani, kila mmoja ametoka kwake, na hakuna aliyelala kwa mwenzake. Na yanayopita humo yamefungwa, hata mwenye kakompyuta hasomi.

Sasa funguo. Hapo ndipo nilipokwama. Zuhura alisema kila simu ina ufunguo wa vipande viwili, kimoja unakitoa kwa wenzako, kingine hakitoki. Nikamwambia sielewi, kama nimetoa ufunguo si nimetoa? Alieleza, akaeleza tena, akachoka. Halafu nikakumbuka alama ya ng'ombe wetu. Mnadani kila mtu anaijua, wakiiona pajani wanasema huyu ni wa fulani. Lakini chuma cha kuchomea kilikaa chini ya kitanda chako, na hata Baba Mdogo hukumwazima. Nikamuuliza Zuhura kama ni hivyo. Alinitazama. Akasema, "Ndivyo hivyo hivyo. Alama wanayo wote, chuma unacho wewe. Wallahi nitalitumia hilo kuwafundishia wengine." Baba, siku hiyo mgongo haukuniuma.

Akanifanya niweke kufuli na kwenye simu yenyewe, maana simu yenye chuma cha mji haikai wazi. Nikajaribu kidole. Simu ikakataa. Nikajaribu vyote kumi. Mpini umefuta alama zote, simu inaona nimeweka kipande cha ngozi ya kiatu. Basi nikatunga maneno marefu, hayana ng'ombe ndani, hayana jina la mtu wa kwetu. Siyaandiki hapa. Nisamehe, hata wewe sikuambii.

Ruta ikiwa tayari tukaituma kwa basi. Mama akaipokea stendi mwenyewe, akaipita saluni ya kinyozi bila kumsalimia. Nilimwelekeza kwa simu. "Mama, chomoa ile ya zamani, chomeka hii. Unaona taa gani?" "Naona ya bluu." "Imetulia?" "Haijatulia, inapepesa kama jicho la mtu anayedanganya." Tukangoja. Nikamsikia anavuta pumzi. "Imetulia sasa. Imekuwa kweli." Nikafungua simu yangu. Giza. Nikasema, Mungu wangu, tumekosea wapi? Kumbe vibuyu! Mama alikuwa hajaondoa vibuyu. Alipokitoa cha kwanza niliona uso wake mkubwa kama mwezi, unanichungulia, na nyuma yake ua wa minyaa, na zizi, na pembeni kabisa kona ya kaburi lako.

Nikafunga njia ile ya watengenezaji, nikabadilisha maneno yote ya siri. Kinyozi akajaribu, hakuona kitu. Akajaribu kila ng'ombe wetu kwa jina. Mama anasema sasa saluni wanatazama mpira.

Lakini Baba Mdogo hakutosheka. Alimleta fundi kutoka Bariadi mjini, kijana anayejua kazi yake, akakaa nje ya ua letu na kompyuta. Alihangaika mchana kutwa, akanywa uji wa Mama, mwisho akamwambia Baba Mdogo, "Mzee, hapa hata mlango siuoni, nitavunja nini?" Baba Mdogo akanipigia. "Sawa, umefunga macho ya watu. Je, ya kwako yanaona? Nitakuja siku nisiyokuambia. Usiponiona, nawaswaga ng'ombe mpaka Bukundi." Pamba ilikuwa imebaki kidogo ghalani.

Toka hapo nikawa nachimba kidogo, naangalia kidogo, mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa kanisani, na jirani yetu Limbu anayetuchungia pia kanisani, kwa hiyo ng'ombe walikuwa hawajatolewa. Mimi nafua nguo za kazi kambini. Nikafuta mikono, nikafungua simu. Uwanjani kuku tu. Zizini ng'ombe wametulia, miti ya mlango yote iko mahali pake. Nikataka kufunga simu niendelee na kufua.

Halafu nikauona mti wa juu.

Unakumbuka ulivyonifundisha nikiwa mdogo? Mti wa juu unaingiza shina lielekee nyumba, ncha ielekee njia. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Mwizi anarudisha miti. Harudishi shina." Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Mama hajawahi kukosea hilo hata siku moja. Na siku hiyo shina lilikuwa limeelekea njia.

Baba, kamera ilinionyesha mti. Kuusoma ulinifundisha wewe.

Sikungoja. Nikabonyeza kispika nikapiga mwano, yowe la kuita watu. Mwano wenyewe, wa tumboni, kama ulivyoupiga mwaka ule fisi alipoingia kwa mbuzi. Nimesimama Tunduru katikati ya mabeseni, povu mpaka kwenye viwiko, napiga mwano wa Kisukuma. Watu wa kambi walikimbia wakidhani nimeumwa na nyoka. Na kule Dutwa mke wa Limbu, nyuma ya minyaa, akausikia. Anajua sheria: anayesikia mwano anaupokea. Akaupokea. Jirani wa pili akaupokea. Ukakwenda mdomo kwa mdomo mpaka kanisani, na ibada ikasimama.

Zizini ng'ombe wote walishtuka, isipokuwa mmoja. Bwana Shamba amezeeka sasa, halimi tena. Aliinua kichwa. Akasikiliza. Akaanza kutembea polepole kuelekea kwenye nguzo yenye kamera, kama alivyokuwa akija ulipomwita. Alipoondoka tu, nyuma yake akabaki Baba Mdogo Maduhu, amechuchumaa kwenye samadi, na koti lake la kanisani.

Watu wakafika mbio. Limbu na rungu, katekista na Biblia bado mkononi, mama mmoja na mchi. Nasikia yote kwenye simu.

Limbu akauliza, "Nani kapiga mwano?"

Baba Mdogo akaonyesha nguzo. "Huyo."

"Huyo nani?"

"Shija."

"Shija yuko wapi?"

"Tunduru."

Wote wakaitazama nguzo. Kisha katekista ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Mtu akakumbusha kwamba mwano wa bure faini yake ni mbuzi. Nikapiga kelele kutoka kwenye nguzo, "Si wa bure! Kuna mtu zizini!" Limbu akatazama ndani, akasema taratibu, "Ni kweli. Kuna mtu zizini." Baba Mdogo akainuka, akajipangusa magoti. "Mbuzi ni wangu," akasema. Na Mama akafika, khanga ameifunga kiunoni kwa vita, akamwona, akasema, "Maduhu, shemeji yangu, ungeniomba tu maziwa."

Lakini kabla watu hawajatawanyika, Baba Mdogo alisogea karibu na kamera. Alikuwa hacheki tena. Alisema, "Shija, nilisikia sauti ya kaka yangu." Akaniuliza nimejuaje, na miti yote aliirudisha. Nikamwambia habari ya shina. "Hakuniambia mimi," akasema. Kumbe hukumwambia hata ndugu yako, Baba. Uliniambia mimi tu.

Akageuka akawaambia watu, "Shemeji anabaki. Mji huu una mwenyewe."

Mbuzi wameshamla. Mimi nilikula kwa macho, kwenye simu, na nyama ilionekana imeiva vizuri. Baba Mdogo naye akaomba njia ya kuona. Nimeipokea alama ya simu yake, lakini kwa zizi tu, uwanja wa Mama haoni. Akinikera naifuta, anabaki gizani. Sasa ndiye mlinzi mkali kuliko mimi. Ananipigia nikiwa ndani ya mtaro, "Ndama mweupe anachechemea, hujaona? Unalinda nini huko?"

Baba, nimechoka mwili. Sikufichi. Kipande kilichobaki cha kuchimba bado ni kirefu. Lakini kila asubuhi, kabla sijashika jembe, nafungua njia yetu, nasema kwenye kispika, "Mwangaluka." Mama anaitika akiwa anakamua, haangalii hata juu, kama vile niko nyuma ya nyumba. Bwana Shamba anainua kichwa. Ile kona ya kaburi lako inapata jua kwanza kuliko zizi.

Kaburi lako sikulichimba mimi. Nikimaliza mtaro huu nitakuja kulijengea kwa mikono yangu, hata kokoto sitamwachia mtu. Chuma chako bado kiko chini ya kitanda, hakitoki. Na jioni zote, niwe Dutwa au niwe mwisho wa nchi, sitalala kabla sijauona mti wa juu.

Pumzika, Baba. Shina limeelekea nyumba.

Mwanao,
Shija